Tembe Iliyokatwa kwa Ajili ya Mashine

Naomba radhi mapema kwa mwandiko wangu na kwa maneno nitakayoyakosea. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu ni mzito. Ukurasa mmoja hunichukua jioni nzima, na mstari mwingine naufuta hadi karatasi inatoboka. Mbele za watu ndiyo sisemi kabisa. Lakini jambo hili limenikaa moyoni, kulisema kwa mdomo nimeshindwa, kwa hiyo naliandika. Mkikuta herufi imepinda mnisamehe, muendelee.

Tulikuwa tunakaa upande wa Msalato, kwenye tembe aliyoijenga babu mzaa baba. Kwa wasioijua, tembe ni nyumba fupi kwa kimo na ndefu kwa ubavu. Kuta zake ni za miti na udongo, na paa lake ni bapa: boriti, juu yake fito, juu yake nyasi, halafu udongo uliopigwa hadi ukakaza. Masika nyasi huota juu ya nyumba kama shambani, na wakati wa mavuno mnapanda kuanika uwele. Tembe yetu ilipinda kona moja ikaukumbatia ua wa ng'ombe kwa pande mbili, na pande zilizobaki zilikuwa boma la miiba. Ubavu mmoja ulikuwa wa baba mkubwa, mama mkubwa na watoto wao. Ubavu wa pili ulikuwa wa baba yangu, naye alipofariki tukabaki mama na mimi. Milango ilikuwa miwili, majiko mawili, paa moja.

Baba mkubwa ni kaka yake baba. Tulipomaliza matanga, ndugu za mama walikuja kuuliza kama binti yao arudi kwao au abaki. Katika ukoo wetu mjane hafukuzwi kwa fimbo wala kwa matusi. Kaka wa marehemu husimama mbele ya shahidi, akasema, "Huyu si mtu wangu," na hapo mama wa watu anafunga mzigo. Maneno hayo yakishatamkwa hayaokotwi tena. Siku ile wote walikuwa wanamwangalia baba mkubwa mdomoni. Akasimama, akasema mama ni mtu wake na mimi ni mtoto wake, na kwamba hamchukui kuwa mke, maana yeye ni mtu wa kanisa na mke anaye, ila hakuna atakayetoka katika nyumba hii. Kuanzia mwaka ule maksai wake walilima shamba la mama kwanza, ndipo wakaenda kwenye lake.

Jioni wanaume walikula uani. Kila mama alipika kwenye jiko lake, lakini ugali wa mama mkubwa na ugali wa mama ulikutana kwenye mkeka mmoja, mbele ya baba mkubwa na wanawe. Sisi hatukuwa tena na mwanamume upande wetu, lakini mama hakuacha kupeleka sahani. Mimi ndiye niliyekuwa naibeba, ugali wa uwele na mlenda, naiweka na kuondoka mbio kabla sijaulizwa lolote.

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, mji ulianza kutusogelea. Watumishi kutoka kila mkoa walikuwa wanatafuta mahali pa kujenga, maduka ya saruji na bati yalifunguliwa hadi Kizota, na siku moja wapima ardhi walipita kwenye mashamba yetu wakichimbia vigingi vya zege. Tukaambiwa tembe zote zitabomolewa. Kila kaya itapewa kiwanja kwenye mitaa mipya, ijenge nyumba ya tofali na bati.

Upande wa pili wa barabara walikuwa wamepimwa kabla yetu, na huko viwanja vilikwenda kwa waliofahamiana na mtu. Wenye ardhi yao walibaki wakiangalia wageni wakishusha mchanga. Ndiyo maana sisi tulipoambiwa kwamba ofisi ya viwanja imeleta mashine, watu walifurahi.

Aliyetuambia ni mjumbe wetu wa nyumba kumi, mzee mcheshi asiyevua koti hata jua liwake vipi. Alitukusanya nje ya ghala la kijiji akaeleza kwamba ni kompyuta, lakini si ya kupigia chapa tu. Wataalamu wameitia akili za maofisa waliobobea. Unaipa majibu ya mtu, yenyewe inapima, kisha inasema nani apewe na nani asipewe. Ofisa akitaka kumpa mpwa wake, inamkatalia.

Mtu mmoja wa nyuma akauliza kama inakunywa chai, na watu wakacheka kwa sababu kila mmoja alijua ni chai gani.

"Hainywi chai, haili mbuzi," mjumbe akasema, "wala haina shemeji."

"Kama haina shemeji basi ina roho ngumu," akajibu mama mmoja aliyekuwa anauza pombe ya mtama, na watu wakacheka zaidi.

Huyo mama alikuwa anaishi peke yake, hana mume wala mtoto, na vikao vingine alikuwa hata haitwi. Nataka niseme mapema kwamba mashine ilimpa kiwanja. Haikuuliza anauza nini wala yuko wapi mumewe. Ninapoeleza yaliyotupata sisi, sitaki mtu afikiri ilikuwa mashine mbaya.

Waliokuja kutuuliza maswali ni vijana wawili wa mjini, wapole, waliofika na pikapu. Walisema maswali si yao, ni ya mashine, wao wanabeba majibu tu. Baba mkubwa aliwatolea vigoda, mama mkubwa akawaletea togwa. Mmoja akauliza kama wote tuko chini ya paa moja. Baba mkubwa akalitazama paa lake kwa raha, akasema ni moja tangu enzi za baba yake. Kijana akauliza kama tunakula pamoja. Baba mkubwa akamwambia asubiri jioni aone mwenyewe, na ale pia. Halafu kijana akanyoosha kalamu upande wetu. Mama na mimi tulikuwa tumesimama mlangoni petu.

"Na hawa?"

"Hao ni watu wangu," baba mkubwa alisema. "Hapa hatugawanyiki."

Alilisema kwa sauti ya mtu aliyepata swali analolijua. Mama aliinamisha uso, nami nilijua amefurahi. Siku ile hakuna aliyedanganya hata neno moja.

Majibu yalisomwa na mjumbe palepale nje ya ghala. Tembe yetu ilipata kiwanja kimoja, kwa jina la baba mkubwa. Mama alingoja watu watawanyike, kisha akamuuliza mjumbe taratibu kama jina lake limebaki kwenye karatasi nyingine. Mjumbe aliigeuza karatasi akatazama nyuma yake, ambako hakukuwa na kitu, akairudisha.

Kiwanja kimoja hakikutosha, na ilikuwa marufuku kujenga tembe. Ingekuwa nyumba moja ya vyumba kadhaa, ya baba mkubwa na watoto wake wengi, na wakubwa wao walikuwa tayari wanazungumzia kuoa. Mama hakumwogopa baba mkubwa hata kidogo. Aliogopa siku atakayokuwa hayupo, maana kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua. Aliniambia tukiwa shambani, bila kuacha kupalilia.

"Akiwepo yeye, nina kwangu. Asipokuwepo, nitakuwa mgeni wa watoto niliowaogesha."

Nami niliendelea kupalilia. Ila nilielewa kwamba tembe ilikuwa imempa mama kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiandika, mlango wake mwenyewe, na kwamba mlango huo unabomolewa na mwingine hautolewi.

Baba mkubwa naye alielewa bila kuambiwa. Asubuhi moja alivaa shati la kanisani, akatuambia tujiandae twende mjini. Njiani alikuwa mchangamfu. Alikuwa na hakika kwamba mashine imekosea kwa sababu haijamsikia yeye mwenyewe.

Chumba cha mashine kilikuwa na baridi ya kutengenezwa, na mlangoni paliandikwa vua viatu. Baba mkubwa alizivua katambuga zake za tairi, akazipanga sambamba, akanong'ona kwamba leo amesilimu. Ndani kulikuwa na dada aliyejitanda mtandio, mwenye lafudhi laini ya Tanga. Alisimama akamwamkia, "Shikamoo baba," akampa kiti chake yeye mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kuogopa mtu mkali, nikakosa wa kumwogopa. Kwenye meza palikuwa na kitu mfano wa televisheni, na kitambaa cha kufuma kimewekwa juu yake kama wanavyoweka sebuleni.

Dada wa mashine alibonyeza, maandishi yakapita kwenye kioo, akatusomea. Ilisema mwombaji ni sehemu ya kaya nyingine, hastahili.

Baba mkubwa alimwomba aiambie kwamba mkuu wa kaya mwenyewe amekuja, na amekubali shemeji yake apewe chake. Dada akaeleza kwamba haina mahali pa kuambiwa hivyo. Inajua mke, mtoto, mzazi na mtegemezi. Mjane anayelala chini ya paa la shemeji yake na kula kwake, ambaye shemeji mwenyewe amesema ni mtu wake, inamweka kwa wategemezi. Mtegemezi hapewi kiwanja, anakaa kwa mwenye kiwanja.

"Na wewe, mwanangu, unaonaje?" baba mkubwa akamuuliza.

Dada aliacha kubonyeza. Naona hakuwa amezoea swali hilo.

"Mimi naona anastahili, baba. Lakini hapa siulizwi ninavyoona."

Baba mkubwa akauliza basi anaulizwa nani. Dada akasema hata ofisa mkubwa akija, akitaka kuipinga lazima aandike sababu ipelekwe juu, na hakuna anayependa kuandika, kwa sababu watu watasema amekunywa chai. Ndivyo ilivyopangwa, ili wanyonge wasionewe. Kisha akasogea karibu, akashusha sauti.

"Siwezi kubadili inachoamua. Naweza kubadili mlichojibu, mkiwa na shahidi. Paa likiwa mbali, chungu kikiwa mbali, na wewe baba ukasema mbele ya mjumbe wako kwamba huyu mama si mtu wako, itampa. Inampa mtu yeyote asiye na mtu."

Alikuwa anatusaidia. Hakujua maneno hayo kwetu ni maneno gani. Baba mkubwa alimshukuru, akatoka, akavaa katambuga ya kulia kwenye mguu wa kushoto, akatembea hivyo hadi tulipofika stendi.

Nyumbani mama alisema hataki. Alimwambia shemeji yake kwamba yeye alishasimama siku ya matanga akasema neno zuri, na hakuna kiwanja cha kulirudisha nyuma.  Siku zilizofuata baba mkubwa alikuwa akipita karibu na mlango wetu anasimama, kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua. Pande zote za jirani tembe zilikuwa zimeanza kubomolewa. Usiku tulisikia mbwa waliobaki bila nyumba.

Sijui mama alifikiri nini siku zile, kwa kuwa hasemi anapofikiri. Ila jioni moja nilikuwa nimeshanyanyua sahani ya uani, akanishika mkono.

"Iweke. Tunakula humu."

Nikaiweka. Tukala tukiwa tumeelekea ukutani. Uani nilimsikia baba mkubwa akiuliza kama upande wetu kuna mgonjwa. Baadaye mama mkubwa alikuja mlangoni na ushungi wake begani.

"Mwenzangu, nimekukosea nini?"

Mama akamvuta ndani. Akamwambia kwamba serikali itauliza kama tunakula pamoja, na hataki shemeji yake akaapishwe uongo kwa ajili yake. "Kama itabidi aseme hatuli pamoja," alisema, "bora iwe kweli."

Mama mkubwa alikaa kwenye kigoda. Kisha akacheka kile kicheko cha kujifuta macho. "Basi na chumvi usije kuniomba," akasema. Kesho yake ni yeye aliyekuja kuomba chumvi kwetu, akafika mlangoni, akakumbuka, akageuka akarudi na kikombe chake kitupu. Mama alicheka hadi akaegemea ukuta. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu baba afariki, nami ilinishangaza kwamba kicheko chenyewe kimetoka kwenye kutengana.

Baba mkubwa hakuambiwa kitu. Alihesabu mwenyewe. Siku chache alikula kimya sahani ya upande mmoja, na asubuhi moja alikuja na jembe na shoka akasimama chini ya ile kona ambapo pande zetu mbili zilikutana.

"Chungu kimetoka," alimwambia mama. "Bado paa."

Alipanda juu. Alianza kuchimba udongo wa paa kama anayechimba shamba, mimi nikawa napokea kwa karai nautupa nje ya boma. Chini ya udongo zilitoka nyasi zilizooza, chini ya nyasi fito zilizokuwa nyeusi kwa moshi wa tangu babu. Mwanga uliingia mahali ambapo haukuwahi kuingia, nikaona kumbe ukuta wa kona una alama za vidole vya waliousiriba. Baba mkubwa alizitazama alama zile kwa juu. Akasema hizi ni za bibi yako, akaendelea kuchimba.

Watu wanaokwenda kisimani walisimama kutazama.

"Mzee, unaisaidia serikali kubomoa?" mmoja akamtania.

"Naongeza dirisha," alijibu.

Mwingine, mzee mwenzake, akauliza kwa Kigogo kama ndugu wamegombana. Hapo baba mkubwa aliacha jembe. Alisema hawajagombana, akasema mara mbili, na kila aliposema nilimwona yule mzee anazidi kuamini kwamba wamegombana. Mchana ule habari ilifika mbali. Watu waliojua siku ya matanga alisema nini, walikuja mmoja mmoja kumpa mama pole, na mama alizipokea pole zile kwa sababu kuzikataa kungetaka maelezo marefu.

Boriti ya mwisho ilipokatwa, tembe ikawa mbili. Upenyo ulikuwa wa kupita mbuzi, na mbuzi walipita siku hiyohiyo.

Mjumbe alikuja akatazama, akapima upenyo kwa mkono wa koti lake, akakubali kuwa shahidi. Tukarudi ofisini, safari hii wanne. Tukavua viatu. Baba mkubwa hakutania.

Dada wa mashine akauliza habari ya paa, mjumbe akasema ameyaona mawili. Akauliza kama wanakula pamoja, baba mkubwa akasema hapana, na ilikuwa kweli. Kila jibu alilibonyeza polepole. Kisha akafikia lile la mwisho. Alilisoma bila kututazama.

"Huyu mama ni mtu wako?"

 Mama alikuwa anaitazama miguu yake. Mimi nilitaka nimshike baba mkubwa shati, nikashindwa.

"Ni jirani yangu," alisema.

Dada akajaribu. Akatikisa kichwa. "Haipokei jirani, baba. Inataka ndiyo au hapana."

Baba mkubwa alimgeukia mjumbe, kama anayemwomba atoke nje kidogo. Lakini mjumbe ndiye aliyekuwa shahidi, asingeweza kutoka. Mjumbe akaivua kofia yake ya sufu, akaishika mkononi.

"Si mtu wangu," baba mkubwa alisema.

Mama aliuvuta upande wa khanga akajifunika kichwa, kama siku ya msiba. Dada akabonyeza. Maandishi yakapita, akasoma kwamba mwombaji anastahili, akatutazama kwa furaha akasema hongera. Mjumbe akajibu asante kwa niaba yetu. Nafikiri dada aligundua kitu, kwa sababu alitusindikiza hadi nje, akainama akamwekea baba mkubwa katambuga zake karibu na miguu.

Mashine ilitupa viwanja kwenye mitaa tofauti. Haikuwa na sababu ya kutuweka karibu, ilikuwa imeambiwa sisi si watu wamoja. Kati yetu kuna mitaa mitatu na korongo. Mama alijenga vyumba viwili, polepole, kwa tofali tulizofyatua wenyewe. Baba mkubwa alikuja kila siku ya msingi na kila siku ya kupandisha ukuta, lakini alikuwa anabisha hodi. Kwenye tembe hakuwahi kubisha hodi. Akimaliza kazi ananawa, anakataa chakula kwa upole, anaondoka kabla jua halijazama. Mama alimsihi mara nyingi. Alijibu kwamba watu wa ofisi hupita kukagua, wakimkuta anakula hapa watasema tulidanganya, watachukua kiwanja.

Sasa mama ana mlango wake. Hati ina jina lake, na jioni nyingine namwona anaugusa ule mlango akifunga, anaugusa tena. Alichokiogopa hakipo. Namshukuru baba mkubwa kwa hilo, na namshukuru hata yule dada, na siwezi kusema ilikuwa kosa.

Lakini mwaka huu kuna mtu anayetaka kuleta posa kwangu. Ni fundi wa milango ya vyuma huko Kizota, naye pia si msemaji, tulichukua muda mrefu kufahamiana. Wazee wake walikwenda kwa baba mkubwa, kama inavyotakiwa, kwa sababu ng'ombe za binti hupokelewa na upande wa baba. Baba mkubwa aliwapa viti, akawasikiliza, akawaambia waende kwa mama. Yeye, alisema, kwa serikali ni mtu baki. Wakaenda kwa wajomba zangu. Wajomba wakasema hawawezi kupokea ng'ombe za mtoto wa ukoo mwingine ilhali baba yake mkubwa yuko hai. Wazee wa ukoo walipoulizwa, waligawanyika. Wengine walisema maneno iliyoambiwa mashine si maneno, hayana mtu aliyeyapokea. Wengine wakasema mjumbe alikuwepo, na mjumbe ana masikio.

Nilikwenda kwa baba mkubwa peke yangu. Sikuwa nimewahi kumuuliza jambo. Nilikaa hadi chai ikapoa, ndipo nikamuuliza kama mimi ni mtoto wake.

Aliweka kikombe chake chini.

"Mwanangu," alisema, "hilo unaniuliza mimi au wananiuliza wao? Ukiuliza wewe, jibu unalo. Wakiuliza wao nikasema ndiyo, mama yako atalala wapi?"

Kwa hiyo nilijikaza nikaenda ofisini. Yule dada alikuwa amehamishwa. Nilimkuta kijana mwingine, naye ni mstaarabu. Nilimweleza kwa maneno machache niliyokuwa nayo, kwamba nataka baba mkubwa aruhusiwe kuwa baba mkubwa na kiwanja cha mama kibaki. Akaniuliza namba, akatazama kioo. Akasema jibu likibadilishwa, mashine itaamua upya tangu mwanzo, na yeye hawezi kuniahidi itaamua nini. Nikamuuliza kama inasahau. Akasema haisahau mpaka iambiwe, na hajawahi kuona mtu akiiambia.

Fundi wa milango anasema atangoja. Wazee wake wanasema hawatangoja sana.

Wewe uliyevumilia mwandiko huu hadi hapa, naomba msaada wako. Huenda huko kwenu nako ilikuja mashine ya kuamua, ikaambiwa jambo ili mtu apate haki yake, na baadaye ikaambiwa jambo jingine. Kama mtu huyo hakunyang'anywa alichopata, tafadhali niandikie, nikamsomee baba mkubwa barua yako. Na kama alinyang'anywa, niandikie pia, ili tusijaribu. Wanaokusanya maandishi haya wamesema watanifikishia. Ukiweza, andika kwa herufi kubwa kidogo na uache nafasi kati ya mistari, kwa kuwa kusoma nako naenda taratibu.